Rafu Zilizopimwa kwa Mkono Wangu

Ipo siku moja ya soko hapa Garissa, mwanangu, ambayo naikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu, na naomba mke wangu asiusome mstari huu. Siku hiyo msichana mmoja aitwaye Sahara aliingia mwenyewe ndani ya lori la mbuzi, akakaa humo katikati ya vumbi na samadi, akanitazama kutoka juu na kuniambia maneno ambayo mpaka leo yananiwasha masikio. Nitafika huko. Kwanza nikwambie kwa nini nimeamua kukuandikia.

Jana ulikuja nyumbani na mchoro wa maktaba mpya ya Balambala. Uliutandaza juu ya mkeka, ukaweka kikombe cha chai kwenye kila pembe ili usijikunje, ukaniomba nikuombee dua kabla vigingi havijachomekwa Jumatatu. Ni mchoro mzuri, sitaki kukunyima haki yako. Madirisha makubwa, baraza pana, ngazi za mbele kama za benki. Nikakuuliza mtu asiyetembea ataingilia wapi. Ukanionyesha kwa kidole mlango mdogo wa nyuma, kati ya choo na stoo, ukasema, "Adeer," kama mnavyotuita sisi ami zenu, "hata yeye tumemfikiria." Sikukujibu. Ulidhani nimesinzia, ukavikusanya vikombe polepole, ukaondoka kwa adabu.

Sikusinzia, mwanangu. Nilikuwa nimekasirika, na hasira yenyewe haikuwa juu yako. Nilijiona mimi pale kwenye mchoro wako, kijana mwenye moyo mwema na kichwa kigumu. Basi nimechukua kalamu, na nimeandika kwa Kiswahili ili na fundi wako kutoka Mwingi asome, maana yeye ndiye atakayeshika sururu.

Nilipokuwa na umri kama wako nilifanya kazi kwenye maktaba ndogo ambayo wazee wa mtaa wetu na wahisani wachache waliijenga karibu na soko la mifugo. Ilikuwa chumba kimoja kirefu, bati juu, feni moja iliyopiga kelele kuliko ilivyopuliza. Kwa kuwa Mto Tana ulikuwa na tabia ya kututembelea majumbani bila kualikwa, wazee waliamua kuinua msingi, na kwa hiyo kulikuwa na ngazi tano za kupanda mpaka mlangoni. Hakuna aliyezijenga kwa ubaya. Waliogopa maji, hawakumfikiria mtu.

Unajua kwetu mtu huitwa kwa umbo lake. Mimi nilikuwa mrefu, basi nikaitwa Dheere, yaani mrefu, na hata karani wa mshahara alisahau jina nililopewa na baba. Seremala alipokuja kutengeneza rafu aliniuliza, "Dheere, zifike wapi?" Nikasimama ukutani, nikanyoosha mkono juu, nikamwambia achore alama ya penseli kwenye ncha ya kidole changu. Nilifurahi sana siku ile. Ni nani asiyependa kuona ukuta mzima umepimwa kwa mwili wake?

Sahara alikuja miezi michache baada ya kufungua. Alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa hivi. Miguu yake ilikauka tangu utotoni kwa ugonjwa, naye aliendesha ile baiskeli ya magurudumu matatu inayozungushwa kwa mikono. Yeye na mama yake waliishi nyuma ya soko, na kazi yake ilikuwa kusokota kamba za kufungia mbuzi na kuwauzia madalali. Kamba zake zilisifika. Mikono yake ilikuwa na nguvu kushinda yangu, jambo ambalo niligundua kwa aibu baadaye.

Alisimama chini ya ngazi, akanisalimia. Mimi nikateremka mbio, mikono mbele, tayari kumbeba, maana wazee wawili watatu waliokuja kusoma magazeti nilikuwa nikiwabeba hivyo hivyo mgongoni, na watu wananiombea dua. Nikafika ngazi ya pili ndipo nikakumbuka kwamba huyu ni msichana, wala si dada yangu wala si binti wa ndugu yangu. Nikasimama katikati, mikono imenyooshwa, kama mtu aliyetumwa kubeba mlango akafika akakuta mlango haupo. Sahara alicheka mpaka akashika usukani.

"Rudisha mikono yako, walaal, ndugu yangu," akasema. "Mimi si gunia."

Alisema kwa Kiswahili, na tangu siku ile alikataa kuzungumza nami lugha nyingine pale maktaba. Alisema Kisomali anacho cha kutosha nyumbani, na kusoma alijifunza kwa Kiswahili, kwa hiyo mlangoni kwa vitabu atasema lugha ya vitabu. Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu, "vitabu" akisema "fitabu", na chake na changu havikupishana sana.

Basi nikavumbua ufumbuzi wangu. Kando ya ngazi palikuwa na mwarobaini wenye kivuli kizuri. Nikamwambia akae pale, mimi nitamletea kitabu, akimaliza nitamletea kingine. Akakubali. Alikuja mara mbili kwa wiki, nami nikawa nateremka na kupanda, napanda na kuteremka. Mwenyekiti wa kamati yetu, Haji Dubat, mzee wa kanzu safi na gari jeupe, alinisifu mbele ya kikao kizima. Akina mama waliopita waliniombea nipate mke mwema. Nami, Mungu anisamehe, kila nilipoteremka ngazi zile nilizihesabu thawabu zangu kidole kwa kidole, na kifua kikanivimba.

Sasa sikiliza nilichokuwa nikimletea. Nilimletea vitabu vya subira. Nilimletea kitabu cha ushonaji, hali hakuwa na cherehani. Nilimletea kitabu cha usafi wa mwili, hadithi za wajane wema, na kijitabu cha mtu aliyekatwa mguu akawa mwimbaji. Kila nilipokuwa mbele ya rafu nilikuwa naiona miguu yake, na kitabu nilikichagulia ile miguu. Yeye mwenyewe, Sahara mwenye kamba na maneno makali, sikumchagulia hata kimoja.

Aliwahi kuniuliza, "Dheere, ndani iko nini?"

"Vitabu."

"Fitabu ya nini?"

"Vya kila namna, Sahara. Vingi."

"Andika majina yote kwa karatasi, mimi nisome, halafu nichague."

Nikacheka. Nikamwambia hiyo ni kazi ya mwezi mzima, na mimi niko peke yangu, na kwani ninachomletea kina ubaya gani? Alinitazama kidogo, akafungua kitabu nilichomletea, akaanza kusoma. Hakuniuliza tena. Nilidhani ameridhika, mwanangu. Kosa kubwa la mtu mwenye kutenda wema ni kuona mwenzake amenyamaza akadhani ameridhika.

Ikapita karibu miaka miwili. Halafu Sahara akaacha kuja. Wiki ya kwanza nilidhani ana homa. Wiki ya tatu nikaambiwa na muuza maziwa kwamba mbuzi wake wamekufa. Alikuwa na mbuzi tisa ambao marehemu baba yake alimtengea kabla hajafa, akisema kwamba mabinti wengine watapata waume haraka, huyu apate maziwa. Walianza kukohoa. Majirani wakasema ni jicho baya, wakafukiza ubani. Sahara hakuwatenga, kwa sababu hakuna aliyemwambia awatenge, wakalala wote boma moja, wakafa mmoja baada ya mwingine mpaka akabaki mmoja.

Nikasema niende nikampe pole. Na kwa kuwa sikuweza kwenda mikono mitupu, nikachukua kitabu. Unajua nilichukua kitabu gani? Cha subira. Kingine, kinene zaidi.

Nilimkuta sokoni, siku ya soko, kelele na vumbi la ng'ombe kila upande, ameegesha baiskeli yake karibu na kile kituta cha kupakia mifugo. Wewe umezaliwa mjini, lakini umekiona: ule mwinuko wa udongo uliojengewa mawe pembeni, ambao lori hurudi kinyumenyume mpaka likagusa, kisha ng'ombe wanatembea wenyewe mpaka ndani. Nikampa pole. Akaipokea vizuri. Nikampa kitabu. Akasoma jina lake, akakiweka mapajani.

"Nataka kuuliza," akasema. "Huko ndani, kitabu ya ugonjwa ya mbuzi iko?"

Nikajibu kwa haraka na kwa majivuno, kama mwenye duka aliyeulizwa kama ana sukari. Nikamwambia ipo rafu nzima ya mifugo, ya tatu kutoka mlangoni. Kipo kitabu chenye picha ya mbuzi kwenye jalada, kimeeleza homa ya mapafu ya mbuzi tangu kikohozi cha kwanza, kimesema umtenge mgonjwa siku hiyo hiyo, umwite daktari wa mifugo. Nilisema yote hayo, na nilipofika kwenye neno "umtenge" nikajisikia mwenyewe.

Sahara hakulia. Ningependa angelia. Alichukua kamba moja kati ya zile alizokuwa akiuza, akamtupia ncha mpakiaji aliyekuwa juu ya lori na kumwambia aifunge kwenye nguzo. Ncha ya pili akajifunga kiunoni pamoja na baiskeli. Kisha akaanza kujivuta kukipanda kile kituta, mkono baada ya mkono. Madalali wawili walitaka kumsukuma, akawakemea. Mimi nilibaki nimesimama na mikono yangu mirefu isiyo na kazi. Alifika juu, akaingia ndani ya lori lililojaa mbuzi nusu yake, mbuzi wakampisha, akageuza baiskeli akanitazama.

"Dheere!" akaita, na soko zima likageuka. "Ng'ombe akitaka kwenda Nairobi, amejengewa njia. Mbuzi amejengewa njia. Mimi nataka kuingia kwa fitabu, hatua ishirini tu, njia hakuna. Wewe unaniletea subira. Subira mimi niko nayo mingi, wallahi, nyumba imejaa. Mbuzi yangu ndiyo haikuwa na subira."

Mtu mmoja alicheka, mwingine akamnyamazisha. Sahara akaendelea, sasa kwa sauti ya chini, lakini nilisikia kila neno.

"Miaka mbili nasoma kichwa yako. Yangu sijasoma hata siku moja."

Akakataa kushuka. Dereva akalalamika, wapakiaji wakasimama, mbuzi wakaanza kumla kamba. Alisema atashuka nitakapomwambia mbele ya watu kwamba njia itajengwa. Nami nilisema. Nilisema huku nikitokwa na machozi, na sioni haya kukuandikia hilo, kwa sababu vumbi la soko lilinisaidia kuyaficha.

Haji Dubat hakufurahi. Katika kikao aliniuliza shida iko wapi ikiwa kitabu anapelekewa. Akasema huyu ni mtu mmoja, na jengo ni la watu wote. Nikamwambia watu wote maana yake ni pamoja na yeye, la sivyo tubadilishe kile kibao cha mlangoni kinachowakaribisha watu wote. Sijui nilipata wapi ujasiri. Labda niliona Sahara bado ananitazama kutoka kwenye lori. Madalali wa soko, wale wale aliowakemea, wakatoa mawe na mifuko ya saruji iliyobaki kwenye ukarabati wa birika la kunyweshea mifugo, na kamati ikakubali, shingo upande.

Hapo ungedhani nimejifunza. Bado, mwanangu! Mtu mwema hupona polepole. Nilikwenda sokoni nikakipima kile kituta cha mifugo, urefu na mwinuko, nikamwambia fundi ajenge kama kile kile kando ya ngazi. Sikumwambia Sahara neno. Nilitaka kumshangaza. Nilitandika mkeka, nikanunua halwa, nikawaita wazee, maalim akaomba dua nzuri, kisha nikatuma watu wakamwite.

Alikuja na buibui jipya. Alitazama ule mteremko, akanitazama mimi, akaanza kuupanda. Alifika katikati. Hapo hapakuwa na lori wala nguzo ya kufungia kamba, ilikuwa mikono yake na usukani tu, na mwinuko ulikuwa mkali. Magurudumu yakasimama, yakafikiri, yakaanza kurudi. Nilikimbia nikajitupa nyuma ya baiskeli, ikanigonga kifuani, tukaanguka sote kwenye mchanga mbele ya halwa na wazee. Buibui jipya lilichanika begani.

Niliinuka nikijiandaa kutukanwa. Aliniuliza kwa upole, na upole ule ulinichoma zaidi.

"Ulinifanyia siri?"

"Nilitaka kukufurahisha."

"Hii mwili ni yangu, Dheere. Kwa nini unaificha mimi mambo ya mwili yangu? Ng'ombe iko na miguu nne. Ungeniuliza, ningekuambia."

Kesho yake alirudi asubuhi, na safari hii yeye ndiye aliyeniamuru. Alileta kamba mpya, akaifunga fundo kila shubiri moja. Akanituma nimwage mchanga na nipange mbao juu yake, akajaribu kupanda, akashindwa, akaniambia nirefushe. Akajaribu, akapumua kwa shida, nirefushe tena. Tulifanya kazi hiyo siku nne. Mwisho tukafika mahali ambapo alipanda bila kukunja uso, akashuka bila kushika breki kwa hofu, akapanda tena akiimba. Akahesabu mafundo. Kwa kila shubiri moja ya kwenda juu, shubiri kumi na mbili za kwenda mbele. Baadaye sana, mwanangu, nilikutana na mhandisi aliyesoma ng'ambo akaniambia kwamba hesabu hiyo hiyo ipo kwenye vitabu vyenu. Nilimwambia na sisi tulikuwa nayo, kwenye kamba ya mbuzi.

Shida ilikuwa urefu. Mteremko wa namna hiyo haukutosha kando ya ngazi. Ilibidi uende mpaka ukutani, ukunje kona, uwe na mahali pa tambarare pa kupumzikia, halafu urudi mpaka mlangoni. Na pale kwenye kona ndipo Haji Dubat alipokuwa akiegesha gari lake jeupe, chini ya kivuli. Mjumbe mmoja wa kamati akapendekeza tuuzungushe nyuma, tutoboe mlango pale penye stoo. Umeona sasa kwa nini nilinyamaza jana?

Sahara alikuwa kwenye kikao, chini ya mwarobaini, maana kikao chenyewe tulikihamishia nje. Akamwambia, "Haji, mimi nakuheshimu kama baba. Mgeni akija kwako unamwingiza mlango gani?"

Haji alipangusa jasho. Akasema mgeni huingia mlango wa mbele, kila mtu anajua hilo, hata mtoto.

"Na mimi?"

Mzee yule alikuwa na kiburi, lakini hakuwa na moyo mbaya. Alimwita dereva wake akamwambia gari liende likaungue jua. Miaka michache baadaye magoti yake yalipochoka, alikuwa anaupanda mteremko ule kila asubuhi kwenda kusoma gazeti, na akikuta mtu ameketi pale kwenye kona anamfokea kwamba anaziba njia yake.

Njia ikaisha, Sahara akaingia mlangoni. Akaenda hatua sita, akakwama. Nafasi kati ya rafu ilimtosha mtu mwembamba mrefu. Na pale alipokwama akainua uso, akaona vitabu vyote vizuri viko juu ya kichwa chake, kwenye ile alama ya penseli.

"Nani alipima hii?" akauliza.

Nikainua mkono, na mkono wenyewe ukawa ushahidi. Akacheka, nami nikacheka, tukacheka mpaka wasomaji wa magazeti wakatuambia hii ni maktaba. Seremala akarudi. Tulizikata rafu za juu, tukatanua njia, tukainua meza mbili ili magurudumu yapite chini yake. Ile mbao yenye alama ya kidole changu niliiomba, nikaipeleka nyumbani. Ndiyo ninayoegemea ninapokuandikia.

Siku rafu zilipokamilika Sahara aliingia mara tu nilipofungua. Alianzia rafu ya kwanza kushoto. Hakuchukua kitu. Alipita taratibu akivigusa vitabu migongo, anasoma jina, anasogea, anasoma jina, anasogea. Nilitamani kumwelekeza. Mara tatu nilifungua mdomo, mara tatu nikaufunga. Alizunguka chumba kizima mpaka adhuhuri ikakaribia, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyefika kwa ndugu zake baada ya safari ndefu, anatambulishwa mmoja mmoja.

Akaja mezani kwangu na vitabu viwili. Cha kwanza kilikuwa kile chenye picha ya mbuzi. Nilikitarajia. Cha pili kilikuwa kitabu cha kupamba keki, kimechakaa, kimetoka majalada, kimeletwa na mhisani ambaye sidhani aliwahi kuliona jua la Garissa. Keki zenye maua, keki zenye ngazi, keki ya umbo la nyumba.

"Sahara, una tanuri?"

"Sina."

"Utapika keki?"

"Hapana."

"Sasa hiki cha nini?"

"Nimeipenda."

Nilikuwa na maneno mengi mdomoni. Nilitaka kumwambia kwamba kwenye rafu ya tano kuna kitabu cha biashara ndogo kitakachomfaa. Nikayameza yote, mwanangu. Nikaandika jina lake kwenye daftari, nikaandika vitabu vyote viwili, nikampa. Akaviweka mapajani akaushuka mteremko kwa kasi ambayo sikuipenda, na nikamsikia akipiga kelele ya furaha pale kwenye kona. Nadhani hiyo ndiyo siku niliyofanya kazi ya maktaba kwa mara ya kwanza.

Yule mbuzi wake mmoja alipona na kuzaa. Sahara alisoma rafu ya mifugo yote, kisha akaenda kukaa na daktari wa mifugo akajifunza alichojifunza, na leo ana duka lake la dawa za mifugo. Wafugaji wanamletea mbuzi mpaka mlangoni, naye anawafokea wasiowatenga wagonjwa. Ukutani kwenye duka hilo, kati ya mabango ya dawa za minyoo, kuna picha ya keki yenye ghorofa tatu. Ukimuuliza anakwambia ameipenda.

Duka hilo liko Balambala, mwanangu. Umekwenda huko mara tatu kupima kiwanja, na umelipita kila mara, maana ndilo linalotazamana na kiwanja chako.

Sasa nasaha zangu, na nitazisema wazi kwa sababu vijana mnapenda mambo wazi. Kabla ya Jumatatu chukua mchoro wako uende kwa Sahara. Peleka na kamba isiyo na mafundo, mafundo atafunga yeye. Usimwambie umemfikiria, muulize. Kisha umuulize ni nani mwingine wa kumuuliza, kwa sababu yupo maalim asiyeona ambaye anataka kujua rafu iko wapi kwa kugusa, na yupo mama asiyesikia ambaye amechoka kuitwa kwa kupigwa bega kutoka nyuma, na hao nao wana mambo ambayo mimi na wewe hatuyajui. Ule mlango wa nyuma waachie wapishi na mafundi. Watu wote waingie kwa mbele, wakutane njiani, wasalimiane. Njia ikiwa ndefu, iache iwe ndefu, na mwenye gari atafute kivuli kwingine. Rafu zako usizipime kwa mkono wako, wala wa fundi, wala wa mkubwa atakayekata utepe. Na jengo likiisha, siku ya kwanza, mtu akizunguka nusu siku halafu akakuletea kitabu kisicho na faida yoyote unayoiona, andika jina lake umpe, unyamaze.

Usifadhaike kwamba ulikosea kwenye karatasi. Karatasi inafutika. Mimi nilikosea kwa saruji, na kabla ya saruji nilikosea kwa mbuzi wanane wa mtu.

Dua uliyoiomba jana ninakupa leo. Mungu aibariki mikono yako na kalamu yako, na jasho la fundi wako wa Mwingi. Ailinde maktaba yako na maji ya mto na mchwa na kamati zenye magari meupe. Mimi sasa napanda mteremko wetu kwa fimbo, napumzika pale kwenye kona, na kila ninapopumzika namshukuru aliyehesabu yale mafundo. Nawe Mungu akupe umri mrefu, mwanangu, mrefu mpaka na wewe uihitaji njia uliyoijenga, na siku hiyo ikifika, uikute mbele.